Mistari ya Ukutani na Mama wa Dagaa

Kwenye chumba changu cha mazoezi pale Kirumba, Mwanza, palikuwa na ukuta wenye mistari. Fundi rangi aliichora kwa uzi na timazi, miraba ya sentimita 10 kwa 10, nyeusi juu ya rangi nyeupe, kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa cha mtu mrefu. Mteja mpya alikuwa akivua viatu, anasimama pale, nampiga picha tatu kwa simu: mbele, ubavu na mgongo. Halafu namkalisha kwenye benchi namwonyesha. Bega hili limeshuka. Nyonga ile imepanda. Kichwa kimetangulia, kifua kinafuata nyuma.

Watu walipenda sana. Mtu ameumwa kiuno miaka mitatu, amechuliwa, amemeza diklofenaki mpaka tumbo limelalamika, halafu anakuja kijana na simu anamwonyesha kwa mstari kabisa kwamba hapa ndipo ulipopinda. Uso wake ulikuwa unabadilika kama wa mtu aliyeonyeshwa mwizi wake.

Ukuta ule nilikaa nao miaka minne. Mwaka jana niliupaka rangi ya kijani, makoti mawili, na bado mistari inachungulia kidogo ukuta ukipata unyevu. Aliyenifanya niupake ni mwanamke anayeuza dagaa. Jina lake silitaji. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika habari zake alicheka akasema niandike tu Mama wa Dagaa, Mwanza nzima wako elfu, hakuna atakayejua ni yupi.

Lakini kwanza nieleze nilivyoipata imani ya mistari, maana sikuzaliwa nayo.

Nilikuwa nacheza mpira, winga wa kulia, viwanja vya vumbi na changarawe. Nikiwa na miaka 24 goti la kulia likaanza kuuma kwa nje, hasa nikiteremka. Na Mwanza kuteremka hakuepukiki. Sisi tunaoishi juu ya mawe, Mabatini, Bugarika, Isamilo, siku yako inaanza kwa kuteremka na inaisha kwa kupanda. Eksirei haikuonyesha kitu. Nikapewa vidonge na bandeji. Vidonge vikiisha, goti linarudi palepale.

Siku moja mwalimu mmoja wa mazoezi aliniambia nisimame kwa mguu wa kulia peke yake. Nikasimama. Akaniwekea vidole juu ya mifupa miwili ya nyonga, akaniambia, "Unaona? Upande wa kushoto umedondoka." Ni kipimo cha zamani, kimepewa jina la daktari mpasuaji Mjerumani, Friedrich Trendelenburg, aliyekieleza mwaka 1895. Ukisimama kwa mguu wa kulia, msuli wa pembeni ya kalio la kulia ndio unaozuia nyonga isianguke upande wa pili. Ukiwa dhaifu, nyonga inadondoka, paja linaingia ndani, na goti linabaki katikati ya ugomvi usio wake. Akanipa mazoezi ya ule msuli: kulala ubavu na kuinua mguu, kutembea upande upande na ukanda wa mpira wa tairi la baiskeli umefungwa juu ya magoti, kupanda na kushuka tofali moja kwa mguu mmoja. Baada ya wiki nane nilikuwa nateremka mlima nikiimba.

Mtu aliyepona kwa dawa moja huwa daktari wa dawa hiyo. Nikatafuta mafunzo, nikasoma kwenye simu usiku, nikalipia kozi ya mtandaoni ya mazoezi ya kurekebisha mwili. Humo ndimo nilimokutana na Vladimir Janda, daktari wa Chekoslovakia aliyezaliwa 1928 na kufariki 2002. Janda aliona kwamba misuli haichoki kwa namna moja. Ipo yenye tabia ya kukaza, ipo yenye tabia ya kulegea na kulala, na inapangana kama msalaba. Mchore mtu kwa ubavu: misuli ya nyuma ya shingo na ya kifuani inakaza, ile ya ndani mbele ya shingo na ile ya chini ya makombe ya mabega inalegea. Unganisha iliyokaza kwa mstari mmoja, iliyolegea kwa mstari mwingine, unapata herufi X. Teremka kwenye kiuno, X ya pili: mgongo wa chini na mbele ya nyonga vinakaza, tumbo na makalio vinalala.

Nilipoisoma nilihisi nimepewa ufunguo wa mji mzima. Kila dereva wa bodaboda niliyempita alikuwa X mbili juu ya pikipiki. Kuna msuli mmoja unaoanza pembeni ya pingili za kiuno, unapita mbele ya nyonga, unajishikiza juu kabisa kwenye mfupa wa paja. Ukikaa, unakuwa mfupi. Nadharia inasema ukikaa kutwa, mwaka hadi mwaka, unazoea ufupi, na ukisimama unavuta kiuno mbele. Ilieleweka, ilipendeza, na iliuzika. Nikamwita fundi rangi.

Mama wa Dagaa aliletwa na binti yake. Miaka 52, mfupi, shingo imara kama ya mtu aliyebeba kichwani tangu utoto. Kazi yake iko ufukweni Igombe na kwenye soko la Mwaloni. Mitumbwi inarudi alfajiri, ananunua dagaa wabichi kwa ndoo, anawamwaga na kuwatandaza, jua likipanda anawageuza, mchana anawakusanya, anawajaza kwenye magunia, gari likipatikana anawaleta Mwaloni Kirumba. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi kwa siku kiuno kinainama na kuinuka. Maumivu yake yalikuwa chini ya mgongo upande wa kushoto, yakiingia kwenye kalio, hayavuki goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa wewe unanyoosha watu."

Nikamsimamisha ukutani. Nikapiga picha. Nikapima. Nikamwambia, kwa sauti ileile ya msoma mita ya maji, "Mama, nyonga yako ya kushoto imepanda sentimita moja na nusu. Uti wa mgongo unapinda ili kufidia. Ukiendelea kuinama na kubeba namna hii, mgongo utauharibu kabisa." Nikampa karatasi ya mazoezi saba, tano za kunyoosha misuli iliyokaza, mbili za kuamsha iliyolala. Akaikunja vizuri, akaiweka ndani ya kibeti kidogo anachofunga kiunoni chini ya khanga, pamoja na hela.

Hakurudi kwa miezi mitatu. Nilidhani amepona.

Aliporudi alikuwa anatembea kama mtu aliyebeba yai kwa kijiko. Hakuwa ameinama tangu nilipomwambia. Alikuwa anaajiri vijana wawili kila siku ya dagaa, wa kutandaza na wa kubeba, na faida yote ilikuwa inaishia kwao. Mjukuu alikuwa hambebi. Alikuwa analala sakafuni kwa sababu jirani alisema godoro linapinda mgongo zaidi. Alikuwa amenunua mkanda mpana wa kiuno kutoka kwa mmachinga, ameufunga juu ya gauni mpaka anahema kwa shida. Na maumivu yalikuwa yamepanda, sasa yanashika mgongo mzima.

Akakaa kwenye benchi, akanitazama, hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

"Mwanangu, nilikuja kwako naumwa, nikaondoka nimepinda. Kuumwa nilishakuzoea. Kupinda ndiko kulikonishinda."

Usiku ule sikupata usingizi mzuri. Kesho yake nilimpigia rafiki yangu mmoja, mtaalamu wa fiziotherapia, mtu wa maneno machache na kejeli nyingi. Akaja jioni baada ya kazi, akasikiliza kisa chote huku anazungusha timazi yangu kidoleni. Kisha akasema, "Vua viatu kaka. Simama hapo ukutani."

Nikasimama. Akanipiga picha kwa simu yangu mwenyewe. Bega langu la kulia lilikuwa limeshuka karibu sentimita mbili. Nyonga imezunguka. Kichwa kimetangulia kama cha kobe.

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi popote."

"Basi?"

Miaka minne nimepiga picha za watu, sikuwahi kusimama pale mimi.

Kilichofuata ni wiki kadhaa za kusoma upya, safari hii nikitafuta yanayonipinga. Nitaje machache. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 33 za watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu ya mgongo hata chembe. Walipopigwa picha za ndani, MRI na nyinginezo, dalili za kuchakaa kwa diski, zile sahani laini kati ya pingili za mgongo, zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Hawa ni watu wazima wa afya, wanaotembea, wanaocheka. Kuchakaa kwa diski ni kama mvi, zinakuja na umri, na hakuna anayekwenda hospitali kwa ajili ya mvi. Kama picha ya ndani kabisa ya mfupa inashindwa kusema nani anaumwa na nani haumwi, picha yangu ya simu juu ya ukuta wa Kirumba ilikuwa inasema nini?

Na mwili wenyewe haukuumbwa kama mizani ya dukani. Ini kubwa liko kulia, moyo umeelekea kushoto, pafu la kulia lina sehemu tatu na la kushoto mbili. Kuna mzee mmoja wa Igombe, amepiga kasia tangu akiwa mvulana. Bega lake la kulia ni la mtu mwingine kabisa, nene, limeshuka, kombe limetokeza. Nilimwomba nimpime, nikijua sasa nimepata mgonjwa. Nikamuuliza bega linaumaje. Akaniuliza linaumaje lini. Hajawahi. Akaniambia kinachomuuma ni jino.

Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 waliishi na maumivu ya mgongo wa chini, na mwisho wa 2023 lilitoa mwongozo kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Linashauri mazoezi, na kumwelimisha mgonjwa aelewe hali yake. Mikanda ya kiuno haishauriwi itumike kama kawaida. Niliposoma sehemu ya mikanda nilimkumbuka yule mama anavyohema.

Rafiki yangu alinieleza jambo la hofu kwa mfano ambao sijausahau. Mtaa ukishaibiwa mara moja, sungusungu hupuliza filimbi hata paka akiruka ukuta. Mwizi alishaondoka zamani, lakini mtaa mzima hauna usingizi. Neva za mtu aliyeumwa muda mrefu ziko hivyo. Filimbi ni ya kweli, maumivu ni ya kweli kabisa, hakuna anayejifanya. Ila kelele si lazima ilingane na ukubwa wa wizi. Sasa mimi, mwalimu, nilikuwa nimemwendea mlinzi mwenye wasiwasi nikamwambia ukuta wote umebomoka.

Mama wa Dagaa alirudi kwa sababu nilimpigia kumwomba radhi. Akaja na daftari lake.

Daftari hili lazima nilieleze. La mistari, kurasa 96, jalada limelowa mafuta ya dagaa. Kila siku ya kazi ana mstari: tarehe, ndoo alizonunua, vijana aliowalipa, magunia yaliyotoka. Tarakimu zake ni kubwa na zimeinamia kushoto. Alilileta ili anionyeshe hasara niliyomsababishia, na kweli alinionyesha, safu kwa safu, kidole kinatembea. Katika kutazama hasara nikaona mapengo. Siku kama kumi hivi hakuna kitu, kisha ukurasa unajaa, kisha tena mapengo.

"Hapa ulikuwa unaumwa, mama?"

"Hapa ni mbalamwezi."

Msomaji wa Dodoma huenda asielewe mara moja. Dagaa wa Ziwa Victoria wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola. Mwanga unawavuta, wavu unawazunguka. Mwezi ukiwa mkubwa, ziwa zima lina mwanga, taa haina maana, mitumbwi inapumzika. Wanaanza tena giza linaporudi. Kwa hiyo uchumi wa pwani yote hii, wavuvi, wapishi, wenye magari, akina mama watandazaji, unapumua kwa mwezi.

Nikamwomba arudi kwenye kurasa za kabla hajaja kwangu, aweke alama siku ambazo kiuno kilimtesa. Tarehe zote hakuzikumbuka, lakini binti yake alikumbuka siku alizomkanda, na yeye alikumbuka siku alizoshindwa kwenda Mwaloni. Tukaweka misalaba midogo kwa kalamu nyekundu. Karibu yote ilianguka sehemu moja: siku ya pili mpaka ya tano ya giza.

Nilikaa kimya pale benchi. Nyonga yake, kama ilikuwa imepanda, ilikuwa imepanda siku zote 30 za mwezi. Maumivu yalikuja siku nne. Kitu kisichobadilika hakiwezi kueleza kitu kinachokuja na kuondoka. Kilichokuwa kinabadilika ni kazi. Siku kumi amekaa nyumbani, anauza akiba kwa visado mlangoni, mwili umetulia. Halafu usiku mmoja mitumbwi inarudi imejaa, bei iko chini kila mtu ananunua, na mwanamke wa miaka 52 anainama na kunyanyua kutwa nzima kama mashine. Kesho yake tena. Siku ya tatu kiuno kinapiga filimbi. Hata mchezaji wa ligi ukimweka benchi siku kumi bila tizi halafu ukamchezesha mechi tatu mfululizo, atachanika paja.

Kwa hiyo ratiba yake tuliipanga kwa kalenda ya mwezi. Nimefundisha watu wengi kwa kalenda ya Januari na mapumziko ya sikukuu, yeye ndiye wa kwanza niliyemfundisha kwa kutazama angani. Mbalamwezi, anapopumzika na dagaa, ndipo anapofanya kazi na mimi: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Giza likianza tunapunguza, na ile siku ya kwanza ya giza anajizuia asinunue ndoo zote, anaanza na nusu, siku ya pili anaongeza. Hili la kujizuia lilikuwa gumu kuliko zoezi lolote. Bei ya siku ya kwanza, mama yangu, bei ya siku ya kwanza!

Vyuma hatukuvitumia. Lita moja ya maji ni kilo moja, na kila nyumba ya Mwanza ina madumu. Ukiwa na dumu la lita 20 na kikombe cha kupimia, una jimu yenye uzito wowote unaotaka kuanzia kilo moja mpaka 20, unaongeza lita moja moja. Wakati wa Vita Kuu ya Pili daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliwarudisha askari walioumia magoti kwa kanuni hiyo hiyo: anza na unachoweza, rudia, ongeza kidogo, usiruke. Yeye alikuwa na vyuma. Mama wa Dagaa alianza na lita 5 kila mkono, kutoka mlangoni kwangu mpaka kwenye mwembe na kurudi, mara sita.

Ila zoezi la kwanza kabisa halikuwa la maji. Niliweka khanga yake sakafuni nikamwambia aiokote.

Alitazama ile khanga muda mrefu. Mkono mmoja ukashika kingo za meza. Pumzi akaibana, naona mishipa ya shingo imesimama, tumbo limekuwa gumu kama ubao. Miezi mitatu hajainama. Nikamwambia, "Mama, pumua. Hutaokota gunia, ni khanga." Akapumua. Akaachia meza. Akainama vile alivyoinama maisha yake yote, magoti yamenyooka, mgongo umekunjwa, namna ileile ambayo mimi na kozi yangu tulikuwa tumeiita sumu. Akaikamata khanga kwa ncha za vidole. Akanyanyuka polepole, akasimama, akasubiri.

"Mbona hakijakatika?"

"Nini mama?"

"Kiuno."

Tukarudia mara kumi. Mara ya saba alikuwa ananiambia habari za bei ya chumvi huku anainama.

Baadaye nilimfundisha na namna ya pili, ya kusukuma makalio nyuma, kama unafunga mlango wa banda la kuku huku mikono yote imeshika beseni. Kwa mizigo mizito ni namna nzuri, makalio na mapaja yanachukua sehemu yao. Lakini sikumwambia ya zamani ni kosa. Mtu mwenye namna mbili za kuinama ana pa kuhamia moja ikichoka. Tukaongeza kulala ubavu na kujiinua kwa kiwiko, magoti yakiwa chini, kupiga magoti na mikono, kunyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kisha kubadilisha, kupanda tofali. Mwisho wa mbalamwezi ya tatu alikuwa ananyanyua dumu la lita 20 kutoka sakafuni mara nane, seti tatu. Wiki za mwanzo nguvu huongezeka haraka kwa sababu neva zinajifunza kuiita misuli kazini. Msuli wenyewe unakuja kunenepa baadaye, polepole. Kwa hiyo mtu asikate tamaa akijitazama kwenye kioo.

Je, maumivu yaliisha? Yalipungua, yakabaki, yakarudi mara moja kwa kishindo mwezi wa nne alipobeba magunia ya jirani kwa kiburi. Lakini hakufunga mkanda wala kulala sakafuni. Alinitumia ujumbe wa sauti akisema, "Paka amepita ukutani," maana nilimsimulia ule mfano wa sungusungu, na baada ya siku tatu alikuwa Igombe.

Watu wananiuliza kama nimeitupa elimu yote ya misuli iliyokaza na iliyolegea. Sijaitupa. Mtu aliyevunjika mguu akafungwa plasta wiki sita, mguu ule umekonda kweli, utauona kwa macho, na lazima ulishwe kazi zaidi ya mwenzake. Aliyepata kiharusi vilevile. Janda mwenyewe aliugua polio akiwa kijana, alijua mwilini mwake misuli dhaifu ni nini kabla hajaisomea. Kipimo cha kusimama mguu mmoja bado nakitumia kila siku. Kilichobadilika ni mdomo wangu. Zamani ningesema "nyonga yako imedondoka". Sasa nasema "mguu huu haujapewa kazi ya kutosha, tuupe." Hata goti langu la zamani nimeanza kulitilia shaka: huenda lilipona kwa sababu mguu mzima ulipata nguvu, wala si kwa sababu nyonga ilinyooka. Sikuwahi kuipima tena.

Sasa kuna jambo halihitaji falsafa. Si kila kiuno ni cha kuletwa kwangu. Ukipata ganzi kati ya mapaja, pale unapokalia tandiko la baiskeli, au mkojo ukakushinda kuuzuia au ukakataa kutoka, au mguu ukafa nguvu, hiyo ni hospitali leo leo, hata kama ni usiku. Mgongo unaouma baada ya kuanguka kwenye pikipiki, mgongo wa mtu aliyewahi kutibiwa saratani, mgongo wenye homa na jasho la usiku na suruali inayozidi kupwaya, hospitali. Nilikuja kupata kijana wa bodaboda aliyetaka mazoezi ya kiuno. Alikuwa anashikilia mapaja kila akiinuka, amekonda, usiku shuka linalowa. Sikumpa hata zoezi moja. Ilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Dawa za TB ni bure katika vituo vya serikali, na kwa mfupa zinachukua miezi mingi. Angekuja enzi za mistari, nawaza ningemwonyesha bega gani.

Wachuaji siwasemi vibaya. Mkono wa mtu unatuliza, na anayetulia anapata usingizi, na usingizi ni nusu ya kazi. Ila mchuaji anayekwambia "mshipa umepanda juu ya mwingine" ni ndugu yangu wa zamani, mimi nilikuwa natumia simu tu badala ya vidole.

Nilipoupaka ukuta rangi, wateja watatu walihama. Mmoja aliniambia wazi kwamba halipi hela kubeba maji, maji anabeba nyumbani bure; anataka kupigwa picha aambiwe tatizo. Namwelewa. Kuambiwa una kasoro yenye jina na sentimita zake kunatuliza kuliko kuambiwa ufanye kazi kidogo kidogo kwa miezi minne. Chumba changu sasa kina madumu 14, tofali, mikeka, na ukuta wa kijani. Pale palipokuwa na mistari nimening'iniza kalenda ya kanisa yenye alama za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bure kutoka kwa mteja.

Juzi usiku nilikuwa Kamanga nasubiri kivuko, nikaona mwezi umechelewa kuchomoza, umemegeka upande. Ziwani huko mbali taa zilikuwa zimeanza kuonekana, chache. Simu ikatetemeka. Ujumbe wa sauti, nyuma yake kelele za watu na beseni zinagongana.

"Mwanangu, giza limeanza. Kesho ninunue ndoo ngapi?"

Nikamjibu kumi, kama tulivyokubaliana.

"Kumi na tano," akasema. "Bei nzuri."

"Kumi na mbili, mama."

Kimya kidogo. Kisha sauti yake ileile ya Mwaloni, ya mtu asiyewahi kukubali bei ya kwanza:

"Kumi na tatu, na mbili anabeba binti."